Nukta za Kamera na Nukta za Herufi

Shangazi yangu aliyekuwa akikaa Lamu alipoleta habari kwamba anahamia Maskati kwa bintiye, na kwamba kitabu cha marehemu babu atakwenda nacho, nilibakiwa na siku 10 za kujitayarisha. Kitabu hicho ni utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa mkono wa babu yangu mzaa baba. Kina karatasi 48, yaani kurasa 96, na nakala ya pili katika ukoo wetu haiko, wala sijapata kuisikia kwengineko. Pembe za karatasi za mwanzo zimekwisha kuliwa na mchwa. Wino wa kurasa nyingine umefifia hata umekuwa na rangi ya chai kavu.

Shangazi hakubali kitabu kitoke nyumbani, na kukitia katika mashine ya kutolea nakala ni kukivunja mgongo. "Mwanangu, ndoo na kamera yako," aliniambia kwa simu. "Utakuwa nacho asubuhi mbili. Ya tatu nasafiri."

Taabu ni kwamba kamera sikuwa nayo. Mwaka uliotangulia nalijaribu kukipiga picha kitabu hicho kwa simu yangu ya mkononi, nayo ni simu ya bei ndogo, na kwa kuwa chumba kilikuwa na giza niliiwasha taa yake. Niliporudi Mombasa nikaketi kusoma, nikaona ukurasa umeng'aa katikati kama sahani, na pembeni una kiza. Mistari ilikuwapo. Meno ya herufi yalikuwapo. Nukta zilikuwa zimeyeyuka.

Msomaji aliyepitia chuoni hana haja ya kuelezwa, lakini kwa ajili ya wengine nitasema. Be, te, nuni na ye, zinapokuja mwanzo au katikati ya neno, zote ni jino moja. Kinachozipambanua ni nukta: be ina moja chini, te ina mbili juu, nuni moja juu, na ye mbili chini. Tena wazee wetu walioandika Kiswahili kwa hati hizi, aghalabu waliitumia be hiyo hiyo kwa sauti ya pe. Basi chukua maneno matatu mepesi: nia, tia na pia. Ziondoe nukta za jino la kwanza, na yote matatu yatakuwa neno moja. Mshairi aliyesema "nia" amesema jambo, na aliyesema "tia" amesema jambo jengine kabisa, na kilicho baina yao ni tone la wino lisilozidi upana wa milimita moja. Tone hilo ndilo nililokuwa nikilitafutia kamera.

Nilimwendea mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye hupiga picha za arusi upande wa wanawake. Akanambia: "Mjomba, chukua Nikon yangu hii, D3100. Ina nukta milioni 14." Jioni ile ile nikapita kwa muuza vyombo vya mitumba mjini, naye akanitolea Canon EOS 1100D iliyokuwa kabatini. Alinikubalia niiweke amana ya fedha, niende nayo, na nisipoipenda niirudishe. Ndivyo ilivyokuwa nikasafiri na kamera mbili, moja ya kuazima na moja ya kujaribu, nami mtu mzima wa miaka hamsini na kitu ambaye tangu enzi za filamu sikuwa nimeshika kamera ya lenzi za kubadilisha.

Kamera zenyewe ni za rika moja. Nikon walitangaza D3100 mwezi wa Agosti 2010, na Canon wakatangaza 1100D mwezi wa Februari 2011. Zote mbili zilikuwa kamera za ngazi ya chini katika makabila yao, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayenunua kamera yake ya kwanza ya kubadilisha lenzi. Hazitengenezwi tena. Lakini zimejaa katika maduka ya mitumba na mikononi mwa vijana, na mwenye kuzitunza huzipata zikifanya kazi kama siku ya kwanza. Uzito wao ni kama mmoja: Canon pamoja na betri na kadi ni gramu 495, na Nikon hupita 500 kidogo. Miili yao ni plastiki. Canon waliitoa ya kwao nyeusi, nyekundu, kahawia na ya kijivu. Hii niliyopewa ilikuwa ya kahawia, na mpwa wangu alipoiona alicheka akasema imefanana na tende.

Yeye hashiki kamera nyingine ila Nikon, na ana sababu. Ukumbi wa arusi usiku una mwanga haba, na wanawake wanacheza, hawakai. D3100 ina vituo 11 vya kushikia ukali wa picha na 1100D ina 9. Kwa sinema, Nikon hutoa picha ya mistari 1,080, na Canon hukomea mistari 720. Ni kweli kwamba Nikon haichukui sinema zaidi ya dakika 10 kwa mkupuo mmoja, lakini mpwa wangu anasema hakuna wimbo wa lelemama unaomfanya ashike kamera dakika 10 pasi na kupumzisha mkono.

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo. Nilipoanza kazi ya uandishi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, picha za wanawake katika arusi zetu zilikuwa ni mtihani. Hata kama mpigaji ni mwanamke, filamu ilibidi ipelekwe dukani kuoshwa, na muoshaji ni mwanamume, tena hajulikani ni nani. Nyumba nyingi ziliona heri kukosa picha. Leo mpwa wangu anamaliza kazi, anatoa kadi katika kamera, anampa mama wa bibi arusi mkononi, na hakuna jicho la nje lililoona. Watu husema mambo mengi juu ya kamera hizi za bila filamu, lakini jambo hili sijaliona likiandikwa, nami naliona kuwa kubwa kuliko nukta milioni zote.

Turudi kwenye nukta hizo, maana ndizo zilizouza kamera kwa miaka mingi, na ndizo zilizonifanya nami nitake kuirudisha Canon kabla ya kuijaribu. Picha ya kamera ya namna hii ni vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, ambavyo mafundi huviita pikseli. D3100 ina pikseli milioni 14 na kidogo, na 1100D ina milioni 12 na kidogo. Msikizaji hufikiri kwamba Nikon inaona mbali zaidi kwa milioni mbili. Chukua kalamu tufanye hesabu. Picha ya Nikon ina pikseli 4,608 kwa urefu na 3,072 kwa upana. Ya Canon ina 4,272 kwa 2,848. Ukiulinganisha urefu na urefu, Nikon imezidi kwa 336, yaani 8 kwa kila 100. Ule wingi wa milioni mbili umetandazwa pande zote mbili, na jicho husoma mstari, halisomi eneo.

Kurasa za kitabu cha babu zina urefu wa sentimita 21 na upana wa 16. Ili nipate ukurasa mzima na nafasi kidogo pembeni, picha yangu ilibidi ishike sentimita 27 kwa 18. Gawanya, utaona Canon inatia pikseli 16 hivi katika kila milimita moja ya karatasi, na Nikon inatia 17. Nukta ya kalamu ya mwanzi ni milimita moja au pungufu. Basi nukta ya nuni itachorwa na pikseli 16 kwa upana katika kamera moja, na 17 katika nyengine. Mwenye macho ya kuiona tofauti hiyo na ajitokeze, nitamtungia shairi.

Kioo cha nyuma nacho kina hesabu yake, na hii haisemwi na wauzaji. Kioo cha Nikon ni inchi 3 na cha Canon ni inchi 2.7, na vyote viwili huandikwa kuwa vina nukta 230,000. Lakini hizo zimehesabiwa moja moja kwa rangi, nyekundu, kijani na buluu, na kila jiwe kamili la picha linahitaji zote tatu. Vijiwe kamili ni 76,800 tu. Kamera imechukua picha ya milioni 12 au 14, kisha inakuonyesha elfu sabini na sita. Picha iliyotia ukungu kidogo itaonekana kali kama wembe katika kioo hicho, mpaka uikuze. Laiti ningalilijua hilo kabla ya kushuka Lamu.

Katika lenzi, kamera hizi mbili zina tabia mbalimbali. Mdomo wa Nikon, pale lenzi inapofungwa, ni wa asili moja tangu 1959. Canon waliubadilisha wa kwao 1987, na lenzi zao za zamani kabla ya hapo haziingii katika 1100D. Kwa hiyo mwenye Nikon ana hazina ya lenzi za miaka mingi katika mitumba, na D3100 huzipokea hata zile kongwe. Lakini hupokea kwa sharti. Ndani ya mwili wa D3100 hamna mota ya kuzungusha lenzi. Lenzi isiyokuwa na mota yake yenyewe, itaingia na itapiga, ila ukali wa picha utautafuta kwa mkono. Na zile kongwe kabisa, hata mwanga kamera haitakupimia. Canon wao, tangu waanze mdomo wao mpya, waliitia mota ndani ya lenzi, kwa hivyo lenzi ya milimita 50 ya mwaka 1990, ambayo ni nyepesi na ya bei nafuu, ikifungwa katika 1100D hujitafutia ukali wenyewe.

Mpwa wangu ana lenzi ya Nikon ya milimita 50 ya namna ile isiyokuwa na mota. Arusini haimfai, na huiacha kabatini. Mimi nikaona kwa kitabu kisichocheza lelemama itanifaa, nikaichukua. Kabla ya hapo nilizimulika lenzi zote kwa tochi, nikichungulia upande wa pili, na nawanasihi wote wanunuao mitumba hapa pwani wafanye hivyo. Unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na ukishaota hautoki kwa kitambaa. Lenzi moja ya muuzaji wangu ilikuwa nao. Nikamrudishia, akaipangusa kwa nje kana kwamba hajui, akairudisha kabatini.

Seremala wa mtaani kwetu alinipigia kimeza cha mbao chenye kimo cha sentimita 65 hivi, na tundu juu yake la kulaza kamera ikitazama chini. Nikapanda basi.

Nyumba ya shangazi ni ya mawe, ya kizamani, na mwanga mzuri uko kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu. Asubuhi kabla jua halijapanda, kiwanda chote huwa ni kivuli cheupe kisichokuwa na ukali wala mng'aro, na taa ya kamera haina kazi. Tulitandika kitambaa cheusi, shangazi akaleta kitabu kimefungwa katika kanga mbili. Hakuniachia kukifungua. Aliketi juu ya mkeka, akawa anageuza karatasi mwenyewe kwa kidole cha shahada, nami kazi yangu ni kubofya.

Siku ya kwanza nilianza na Nikon na ile lenzi ya milimita 50. Niliiweka ISO 100, kwani mwanga ulitosha na kamera haitikisiki. Nikaionyesha karatasi nyeupe kwanza ili ijue weupe wa mahali pale, maana kivuli cha kiwandani kina ubuluu ndani yake, na wino mwekundu ambao babu aliutumia kutenga kipande na kipande ungegeuka kahawia. Kamera zote mbili zina njia ya kuonyeshwa weupe hivyo. Kisha nikainama kuchungulia katika dirisha lake dogo na kuzungusha lenzi kwa mkono. Kutumia kioo kungalikuwa rahisi zaidi, lakini kamera imelala kifudifudi na kioo kimetazama mbinguni, na nilichokiona ndani yake ni mawingu ya Lamu na uso wangu.

Nalipiga karatasi 20, kurasa 40, mpaka jua lilipoingia kiwandani tukaacha. Kila picha niliitazama katika kioo chini ya kitambaa, na kila moja ilikuwa nzuri. Usiku nikazitia katika kompyuta. Kurasa 18 zilikuwa safi, nukta zake unaweza kuzihesabu kama mbegu za mtama. 22 zilikuwa na ukungu. Dirisha la kuchungulia la kamera hizi za ngazi ya chini ni dogo na lenye giza, macho yangu ni ya miwani, na nilikuwa nimekosea kwa unywele. Sitaitia lawama Nikon. Lakini nilikaa kitandani nikihesabu: asubuhi moja imekwisha, imebaki moja, na kurasa zilizo salama ni 18 kati ya 96.

Zamani haraka hii isingalikuwapo. Marehemu Muhamadi Kijumwa, yule mwandishi wa Lamu aliyefariki 1945, alinakili tungo nyingi kwa mkono wake mwenyewe, na mwandishi wa namna hiyo hakosi nukta, kwa kuwa anasoma anapoandika. Kamera haisomi. Nilifikiri pia juu ya hati za Msikiti wa Riyadha, pale pale Lamu, ambazo zilipigwa picha katika miaka ya mwanzo ya 2010 chini ya mpango wa British Library wa kuokoa hati zilizo katika hatari. Hizo zilipata mafundi na vyombo. Hiki cha babu kilinipata mimi.

Siku ya pili niliifunga Canon. Sikuichagua kwa kuipenda. Niliichagua kwa sababu ya waya. Canon waliitoa 1100D pamoja na programu ya kuiendesha kwa kompyuta: unaunga waya, na kile inachokiona kamera unakiona katika kioo cha kompyuta, unakuza mara 5 au mara 10, unazungusha lenzi mpaka nukta iwe na ukingo, kisha unabofya kwa kompyuta bila ya kuigusa kamera. Nikon hawakuwapa wenye D3100 kitu kama hicho ndani ya sanduku. Kompyuta yangu ni kuukuu, na kwa mara ya kwanza ukuukuu wake ulinifaa, maana programu za zamani hupatana na mashine za zamani. Niliiweka msanani, mbali na mwanga, nikaketi mbele yake.

Shangazi aligeuza, nami nikakuza, nikabofya. Tulikwenda kwa mwendo wa ukurasa mmoja kwa dakika moja na nusu hivi. Lenzi ilikuwa ile ya kawaida ya Canon, ya milimita 18 mpaka 55, nikiizuia karibu na 50. Kwa maandishi ya Canon, betri ya 1100D hupiga picha 700, na ya D3100, kwa maandishi ya Nikon, hupiga 550. Hizo ni hesabu za mtu anayechungulia dirishani. Ukiiacha kamera iwashe macho muda wote, betri huliwa kama mshumaa penye upepo. Nilipofika ukurasa wa 80 alama ya betri ilianza kumeta, na ya pili sikuwa nayo. Nikaizima kila baina ya kurasa mbili, nikaiwasha, nikaizima. Shangazi akauliza kwa nini inalala. Nikamwambia imechoka. Akasema, "Hata mimi."

Ukurasa wa 96 niliupata. Jua lilikuwa limeshika ukuta wa juu.

Usiku ule nikasoma utenzi mzima mara ya kwanza katika maisha yangu bila ya kukatizwa, na hapo ndipo nilipokutana na jambo jengine. Katika ukurasa wa 33, mwanzo wa kipande cha tatu, palikuwa na jino lenye nukta mbili juu: tia. Maana yake haikunikalia vizuri. Nikaendelea. Ukurasa wa 41, juu ya nafasi tupu isiyo na herufi, nikaona nukta. Ukurasa wa 52, nukta, tena juu ya doa la maji. Zote zilikuwa mahali pamoja, thuluthi ya juu, upande wa kulia wa picha.

Ilikuwa ni vumbi. Kila unapobadilisha lenzi, vumbi huweza kuingia na kukaa juu ya kile kibamba kinachopokea mwanga, na pwani yetu haina uhaba wa mchanga. D3100 ina namna ya kukitikisa kibamba hicho ili vumbi lianguke. 1100D hawakuitia kitu hicho, katika yale waliyoyapunguza ili bei ishuke. Nimesoma sifa na aibu za kamera hizi kwa watu wengi, na hii huitaja kwa mkato, kama jambo la mbingu za picha za mandhari zenye madoa. Lakini kwa mtu anayenakili hati za Kiarabu, kamera inayotia nukta za kwake si jambo la mkato. Ni mwandishi wa pili anayesahihisha kazi ya wa kwanza.

Nilipiga picha ya karatasi nyeupe tupu kwa mabaki ya betri, nikaona doa moja kubwa na vidoa vitatu, kila kimoja na kituo chake. Nikavichora katika karatasi kama ramani, na tangu hapo kila nukta iliyoangukia vituo hivyo nikaishuku. Ile ya ukurasa wa 33 iliangukia kituo cha doa kubwa. Nikairudia picha ya Nikon ya ukurasa huo huo, ambayo kwa bahati ilikuwa katika zile 18 safi. Nukta moja. Basi si tia, ni nia. Niliona raha ya mtu aliyemkamata mwizi, na mashahidi wangu wawili, Nikon na Canon, nikawaweka kitako mezani mmoja ubavuni mwa mwengine.

Asubuhi tulimvusha shangazi kwa mashua mpaka Manda kwenye uwanja wa ndege, kitabu kikiwa kifuani pake ndani ya kanga zake mbili, hakukubali kukitia mkobani.

Canon niliinunua. Nilimweleza muuzaji habari ya vumbi, akanipunguzia kidogo, na fundi akaisafisha kwa pumzi ya mpira na kitambaa chake cha kazi. Kazi hiyo sikuthubutu kuifanya mwenyewe. Kwa anayetaka kunakili vitabu vya wazee wake, akiwa na kompyuta kuukuu na macho ya miwani kama mimi, ningemwambia achukue 1100D, apige karatasi nyeupe kila asubuhi, na asibadilishe lenzi nje. Kwa anayepiga watu wanaokwenda na kucheza, D3100 ni bora, na mpwa wangu hataki hata kuyasikia mengine. Pikseli milioni mbili zisimsumbue mtu yeyote. Picha za kitabu nimezitia katika diski mbili, moja ninayo na moja anayo mpwa wangu, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwapo nisipokuwapo.

Wiki mbili baadaye nilimpigia shangazi simu Maskati kumjulia hali, nikamweleza ukurasa wa 33. Nilimweleza habari ya vumbi, na ramani, na jinsi kamera mbili zilivyokubaliana. Nikamsomea ubeti kama ulivyoandikwa, kwa nia.

Alinyamaza kidogo, kisha akausoma ubeti huo kwa sauti ya kuimba, kama alivyokuwa akiusoma alipokuwa akitulaza sisi watoto, na alipofika pale akasema tia.

"Shangazi," nikamwambia, "kitabuni nukta ni moja."

"Fungua uone," akasema, kisha akakumbuka kwamba kitabu anacho yeye. Nikamsikia akiinuka, akikifungua kanga, akigeuza. Muda ulipita. "Ni moja," akasema. "Na hapo pa pili karatasi imekwanguka. Au haikukwanguka, sioni vyema. Lakini mimi nimesikia kwa mdomo wa babangu, na yeye ndiye aliyeandika."

Katika nakala yangu nimeandika nia kwa wino, na tia pembeni kwa kalamu ya risasi.